Ala ya 17 Haitaki Kulia: Maswali ya Wasomaji kuhusu MIDI

Barua nyingi za safari hii, kutoka Kisumu hadi Nakuru, zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti: noti inabonyezwa lakini sauti inayotakiwa haisikiki, au inasikika mara mbili, au inachelewa. MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huambiana nini cha kupiga, haibebi sauti. Inabeba amri tu: piga noti hii kwa nguvu hii, iachie, badilisha ala. Amri hiyo hupita vituo kadhaa kabla ya kufika kwenye ala, na kila kituo kina kikomo chake. Kazi ya fundi ni kujua ni kituo kipi kinachoikata njiani.

SWALI: Natengeneza ohangla kwenye kompyuta. Nimefungua sampla moja (programu inayopiga sauti za ala zilizorekodiwa) na kupakia ndani yake orutu, nyatiti, ngoma za kila aina, besi, gitaa mbili, kinanda na waitikiaji, mpaka zikafika ala 16. Nilipoongeza ya 17, kayamba, ikakosa namba. Nikiiweka chaneli 1, inalia pamoja na orutu. Nimejaribu programu nyingine na hali ni ileile. Je, kompyuta yangu haina nguvu? — *Prodyusa, Kondele, Kisumu*

JIBU: Ndugu, kompyuta yako haina kosa, na kuongeza RAM hakutaleta chaneli ya 17. Kikomo hicho kimo ndani ya ujumbe wenyewe. Tangu MIDI ianze kutumika mwaka 1983, baiti ya kwanza ya amri ya noti imegawanywa nusu mbili. Biti nne zinasema ni amri gani: noti imepigwa, noti imeachiwa, kidhibiti kimezungushwa. Biti nne zilizobaki zinasema amri ni ya chaneli gani. Biti nne hutoa namba 16 pekee, 0 hadi 15, ambazo programu nyingi huziandika 1 hadi 16. (Ukikutana na kifaa kinachoanza kuhesabu kwa 0, chaneli yake ya 9 ndiyo 10 yako. Wengi hupoteza ngoma hapo.) Hakuna mahali pa kuandika 17, ndiyo maana tatizo limekufuata hadi kwenye programu nyingine.

Kinachoweza kuongezwa ni poti. Poti ni kama ploti yenye nyumba 16 za kupanga: nyumba namba 3 ya ploti ya kwanza si nyumba namba 3 ya ploti ya pili, hata kama namba zinafanana. Kwa hiyo kayamba inaweza kukaa chaneli 1 bila kugusana na orutu, mradi iko kwenye poti nyingine.

Njia fupi kuliko zote ni kufungua nakala ya pili ya sampla kwenye traki yake (mstari wake wa kurekodia). Nakala hiyo huanza na chaneli zake 1 hadi 16. Wanaotumia sampla iitwayo Kontakt wataona kwamba ikifunguliwa peke yake, nje ya programu ya muziki, ina poti A hadi D, yaani chaneli 64. Usijenge mpango wako juu ya hizo: ikifunguliwa kama plagini, yaani ndani ya programu nyingine, mara nyingi poti A pekee ndiyo inayopokea.

Sasa uunganishaji, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika.

Kwenye programu ya muziki ya REAPER, weka sampla ya kwanza kwenye traki moja na ya pili kwenye traki nyingine. Kila ala iwe na traki yake ya noti isiyo na plagini. Kutoka kwenye traki hiyo, vuta “send” hadi kwenye traki ya sampla inayohusika. Kwenye dirisha la “send”, upande wa sauti chagua “None”, maana traki ya noti haina sauti ya kupeleka. Upande wa MIDI, ambako pameandikwa “All” kushoto na “All” kulia, badilisha ile ya kulia iwe namba ya chaneli ya ala. Ukiiacha “All” kwa “All”, noti hubaki na chaneli iliyorekodiwa nayo, na kinanda kingi hurekodi chaneli 1. Matokeo yake ni traki 16 zote kugongana kwenye orutu. REAPER pia ina njia za ziada za MIDI ziitwazo “bus” ndani ya traki moja, na kila plagini unaweza kuichagulia “bus” ya kusikiliza kwa kubofya kulia kitufe chake cha kuunganisha njia. Zinafanya kazi vizuri, ila mradi ukikaa miezi mitatu bila kufunguliwa, hakuna anayekumbuka nini kimeunganishwa wapi. Traki mbili zinazoonekana ni salama zaidi.

Kwenye FL Studio, bofya alama ya gia juu ya dirisha la sampla, nenda kwenye mipangilio ya plagini, kisha uipe sampla ya kwanza “Input port” 1 na ya pili 2. Halafu ongeza “MIDI Out” moja kwa kila ala. Kila “MIDI Out” ina namba mbili za kujaza, “Port” na “Channel”. Kayamba yako itakuwa Port 2, Channel 1. Namba ya poti ikitofautiana pande hizo mbili, noti hazifiki na programu haitoi onyo lolote. Epuka pia namba ya poti ambayo tayari umeipa kinanda au kifaa cha nje kwenye mipangilio ya MIDI.

Ableton Live ina tabia yake. Klipu (kipande kilichorekodiwa) ya kawaida ya MIDI ndani ya Live haihifadhi chaneli: chochote kinachoingia hukunjwa kuwa chaneli moja. Kwa hiyo usitarajie kurekodi chaneli nane kwenye traki moja kisha uzitenganishe baadaye. Tengeneza traki moja ya MIDI kwa kila ala, na kwenye “MIDI To” chagua traki yenye sampla. Kwenye kisanduku cha chini yake chagua chaneli ya sampla yenyewe. Ukichagua “Track In” badala ya chaneli, noti zitasubiri mpaka ufungue “Monitor” ya traki ya sampla iwe “In”, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani plagini imeharibika.

Katika programu zote, angalia pia kama ala ndani ya sampla imewekwa “Omni”. Ala ya “Omni” husikiliza chaneli zote, na hiyo peke yake inatosha kufanya kayamba na orutu zilie pamoja hata kama namba umezipanga sawasawa.

Ushauri mmoja wa upangaji: usijaze sampla moja hadi chaneli ya 16. Gawa kwa vikundi, ngoma na kayamba upande mmoja, nyuzi na kinanda upande mwingine, saba au nane kila upande. Ukitaka kugeuza kikundi kuwa sauti ili kupunguza mzigo, hutalazimika kugeuza wimbo mzima. Tena mara nyingi programu humpa kila nakala ya plagini msingi mmoja wa prosesa, hivyo nakala mbili hugawana kazi vizuri kuliko moja iliyojaa.

SWALI: Ninapiga kinanda cha Yamaha PSR kwenye kwaya. Nikikiunganisha na kompyuta kwa USB ili nirekodi, kila noti inasikika mara mbili kwa sauti ya kama iko ndani ya bomba, na nikishika kodi kubwa (noti nyingi kwa pamoja) noti nyingine zinakatika. Nikijaribu kurekodi midundo ya “style”, ile ya kusindikiza iliyomo kwenye kinanda, yote inaingia kwenye traki moja na kulia kama piano. Juzi pia “style” ilikataa kabisa kuanza. — *Mpiga kinanda, Nakuru*

JIBU: Dada, una matatizo matatu yaliyokuja pamoja. Tuanze na lile la sauti ya bomba.

Kinanda chako kinafanya kazi mbili kila unapobonyeza. Kinapiga sauti yake ya ndani, na papo hapo kinatuma noti kwenye kompyuta. Traki ya kompyuta iliyo tayari kurekodi inairudisha noti ileile kwenye kinanda, nacho kinaipiga tena baada ya milisekunde chache. Sauti mbili zinazofanana zikipishana kwa muda mdogo hivyo hufutana katika baadhi ya masafa, na huo ndio mlio wa bomba. Noti zinakatika kwa sababu kila ufunguo sasa unatumia sauti mbili: kinanda chenye uwezo wa sauti 64 kwa pamoja kimebaki na 32, na ukichanganya sauti mbili kwenye mkono wa kulia zinazidi kupungua.

Dawa ni kutenganisha vitufe na sauti za ndani kwa mpangilio unaoitwa “Local Control”. Kwenye PSR ndogo za mfululizo wa E, uko kwenye orodha ya “Function”, uweke “Off”. Kwenye PSR kubwa, ingia kwenye menyu ya MIDI, ukurasa wa “System”, ambapo unaweza kuzima sehemu moja moja. Baada ya hapo kinanda kitalia tu pale kompyuta inaporudisha noti. Ukichomoa waya kabla ya kuirejesha “On”, kinanda kitakuwa kimya kabisa. Weka karatasi juu yake inayosema hivyo, maana Jumapili asubuhi mtu mwingine atadhani kimeungua. Kama unatumia sauti za kompyuta pekee, njia nyepesi ni kuiacha “Local Control” ilivyo na kuzima poti ya kutoka kwenda kwenye kinanda katika mipangilio ya programu, kisha kupunguza sauti ya kinanda.

Kuhusu “style”: haiji kwa chaneli moja. Yamaha hupanga sehemu zake kwenye chaneli 9 hadi 16. Mdundo wa kwanza uko 9, wa pili 10, besi 11, kodi za kwanza 12, kodi za pili 13, sauti ndefu za nyuma 14, na vipande viwili vya nyongeza 15 na 16. Traki yako inapokea zote nane na kuzipeleka kwenye piano moja. Kwenye REAPER, rekodi zote pamoja kwa kuchagua chaneli zote kwenye ingizo la traki, kisha chagua klipu na utumie amri ya “Explode multichannel audio or MIDI items to new one-channel items”. Utapata traki nane. Kwenye Live, kama tulivyoeleza juu, lazima utengeneze traki nane mapema na kila moja uipangie chaneli yake kwenye “MIDI From”.

Jihadhari na chaneli za gitaa. Sehemu nyingi za gitaa kwenye “style” za PSR kubwa zimeandikwa kwa sauti za MegaVoice, ambazo hutumia nguvu ya noti kuchagua aina ya mpigo: mpigo wa kawaida, wa kuziba, wa kuteleza, kelele za nyuzi. Ukizipeleka kwenye gitaa la kawaida la kompyuta utasikia vurugu tupu, na hakuna kilichoharibika katika kurekodi kwako. Sehemu hizo zirudishe kwenye kinanda zipigwe na MegaVoice yenyewe, kisha uzirekodi kama sauti.

Na “style” iliyokataa kuanza: angalia “Clock” kwenye menyu ileile ya MIDI. Ikiwa si “Internal”, kinanda kinasubiri saa kutoka kompyuta. Saa isipotumwa, kinaendelea kusubiri na mdundo hauanzi.

SWALI: Shuleni tuna kompyuta moja inayotuma MIDI kwa waya wa pini tano hadi kwenye moduli (kisanduku cha sauti) ya kwanza, kisha kwa THRU, tundu linalopitisha ishara kwenda kifaa kinachofuata, hadi ya pili na ya tatu. Tunapanga nyimbo zenye ngoma za isukuti kwa ajili ya tamasha. Mapigo ni safi yakiwa peke yake, lakini zikiingia filimbi zenye kupinda sauti na kinanda cha nyuma, ngoma zinayumba. Fundi mmoja alituambia THRU ndiyo inachelewesha. — *Mwalimu wa muziki, Kakamega*

JIBU: Mwalimu, THRU tuiondolee lawama hiyo. Kila inapopitia moduli, ishara hucheleweshwa kwa kiasi ambacho sikio haliwezi kukamata. Kosa la THRU ni la aina nyingine: kila moduli ina kipokezi cha mwanga kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili, na kila kipokezi hulegeza kingo za ishara kidogo. Ukivuka moduli tatu hivi kwenye mnyororo, baiti huanza kusomeka vibaya, na utaona noti zilizogoma kuzima au ala zilizobadilika zenyewe. Waya mmoja nao usizidi mita 15.

Kuyumba kwenu kunatokana na foleni. Waya wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti huchukua biti 10, ikiwa ni nane zake pamoja na moja ya kuanza na moja ya kumaliza, hivyo baiti moja hutumia mikrosekunde 320. Amri ya noti ni baiti tatu, karibu milisekunde 1. Ikiwa pigo moja la wimbo lina noti 10 kwenye chaneli tofauti, ya mwisho inamaliza kutoka karibu milisekunde 10 baada ya ya kwanza kuanza. Isukuti mkubwa, wa kati na mdogo hujibizana kwa mapigo yaliyo karibu sana, kwa hiyo milisekunde 10 zinasikika wazi.

Halafu ziongezeni filimbi. Kila badiliko la kupinda sauti ni baiti tatu. Mistari mitatu inayotuma mabadiliko 200 kwa sekunde kila mmoja ni amri 600, ambazo hukalia waya kwa milisekunde 576 katika kila sekunde. Zaidi ya nusu ya barabara imekwenda, na ngoma hazijapita. Saa ya MIDI, ambayo watu hupenda kuilaumu, hutuma ujumbe 24 kwa kila pigo la robo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika hizo ni baiti 48 kwa sekunde, kama asilimia moja na nusu ya waya. Iacheni.

Fanyeni kwa mpangilio huu. Kwanza, punguzeni mabadiliko ya kupinda sauti. Programu nyingi zina amri ya kuyachuja, na mkibakiza moja kati ya kila tatu au nne, sikio halitagundua kwenye filimbi inayopinda nusu toni. Pili, zimeni “aftertouch” kwenye kinanda mnachorekodia ikiwa sauti mnazotumia haziijali. Hutumwa mfululizo mtu anapokandamiza kitufe, na mara nyingi hakuna anayejua kwamba ipo kwenye klipu, ifuteni. Tatu, sogezeni noti za kinanda cha nyuma ziwe nyuma kidogo ya ngoma. Kwenye programu yenye tiki (vipimo vidogo vya muda) 960 kwa robo na kasi ya 120, tiki 10 ni milisekunde 5 hivi, zinatosha kuipa isukuti nafasi ya kutangulia, na sauti inayoanza taratibu haitaonekana imechelewa. Nne, pale ambapo amri mbili zina muda mmoja, programu nyingi hutuma ya traki ya juu kwanza, kwa hiyo pandisheni ngoma juu ya orodha.

Dawa ya kudumu ni kiunganishi cha USB chenye matundu ya kutoka mawili au zaidi, ngoma zikatumia tundu lake peke yake. Kila tundu lina biti zake 31,250 na chaneli zake 16. Kisanduku cha THRU chenye matundu mengi kitawasaidia tu dhidi ya baiti zilizoharibika. Foleni itabaki ileile, kwa kuwa matundu yake yote hubeba ujumbe mmoja.

SWALI: Kinanda changu kinafanya kazi kwenye programu moja tu. Nikifungua ya pili, inasema kifaa kinatumika. Natumia Windows. — *Msomaji, Siaya*

JIBU: Kwenye matoleo mengi ya Windows, dreva nyingi za MIDI hukubali programu moja kwa wakati mmoja, na inayofungua kwanza ndiyo inayokamata. Funga ya kwanza kabisa, au iondolee kinanda kwenye mipangilio yake ya MIDI. Angalia pia kivinjari: ukurasa wa mafunzo ya kinanda ulioachwa wazi kwenye Chrome unaweza kuwa umekishika.

Ukihitaji programu mbili kwa pamoja, weka programu ya loopMIDI ya Tobias Erichsen, tengeneza poti pepe, acha programu ya kwanza ipokee kinanda na kuzituma noti kwenye poti hiyo, kisha ya pili isome hapo. Usiichague poti hiyohiyo kuwa ya kuingia na ya kutoka ndani ya programu moja. Noti itazunguka ikijirudia yenyewe. Kwenye Mac programu nyingi zinaweza kushiriki kinanda kimoja, na poti pepe tayari ipo: fungua Audio MIDI Setup, dirisha la MIDI Studio, IAC Driver, kisha weka alama kwenye “Device is online”.

SWALI: Nilihama kutoka plagini za VST2 hadi VST3, toleo jipya la mfumo huo. Sasa vidhibiti kadhaa vya kinanda changu havifanyi chochote, ingawa noti zinalia. — *Prodyusa, Nakuru*

JIBU: VST3 haipitishi ujumbe wa vidhibiti jinsi ulivyo. Programu mwenyeji, ile inayobeba plagini, huutafsiri uwe badiliko la kigezo cha plagini, kwa kufuata ramani ambayo plagini yenyewe imetoa. Kidhibiti kisichotajwa kwenye ramani hiyo huishia mlangoni. Tumia utaratibu wa programu wa kufundisha vidhibiti: gusa kigezo kwenye skrini, chagua “Learn”, zungusha kidhibiti. Kama plagini inatolewa pia kwa mfumo wa CLAP na unatumia REAPER, jaribu hiyo, kwa sababu CLAP inaruhusu MIDI ghafi. Miradi ya zamani usiibadilishe. Iache na VST2 mpaka wimbo ukamilike.

SWALI: Tumepata Yamaha DX7 ya zamani ya bendi, kinanda cha kielektroniki, nzima kabisa. Nimepakua faili za sauti za aina ya “sysex” (ujumbe maalum wa MIDI kwa kifaa fulani) lakini haipokei. Nimejaribu kuzituma kutoka Live kwa waya wa bei nafuu wa USB wenye kisanduku kidogo katikati. — *Fundi, Bungoma*

JIBU: Vituo vitatu vinaweza kuwa vimekukatia njia, na tungevipima kutoka upande wa kompyuta.

Live haitumi “sysex”. Iweke kando na utumie MIDI-OX kwenye Windows au SysEx Librarian kwenye Mac.

Cha pili ni waya. Faili ya sauti 32 za DX7 ina baiti 4,104. Kwa kasi tuliyomweleza mwalimu wa Kakamega, inahitaji sekunde 1.3 kupita. Waya nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo ndani ya kisanduku. Kompyuta huisukuma faili kwa kasi ya USB, kumbukumbu inajaa, na baiti zinazofuata zinamwagika bila taarifa. Noti za kawaida hupita vizuri kwa sababu ni fupi, kwa hiyo waya huonekana mzima. Kwenye mipangilio ya “SysEx” ya MIDI-OX, punguza ukubwa wa vipande vinavyotumwa hadi baiti 256 au chini ya hapo, na weka subira ya milisekunde 60 kati ya kipande na kipande. Ikishindikana, azima kiunganishi bora kabla ya kulaumu kinanda. Upime kwa njia hii: chomeka OUT ya waya kwenye IN yake kwa kiungio cha tundu, tuma faili, na uhesabu baiti zilizorudi. Zikiwa chini ya 4,104, kosa ni la waya.

Cha tatu ni DX7 yenyewe. Inakataa faili mpaka uzime “Memory Protect” ya kumbukumbu ya ndani na kuweka “Sys Info Avail” kwenye orodha ya MIDI. Kabla ya kuzima ulinzi huo, tuma kwanza sauti zilizomo ndani kwenda kwenye kompyuta na uzihifadhi. Huenda ni sauti ambazo bendi hiyo ilizitunga yenyewe, na faili mpya inafuta zote 32 kwa mpigo mmoja. Ukiitumia kama kinanda cha kurekodia, kumbuka kwamba DX7 ya kwanza hutuma kwenye chaneli 1 tu. Kuibadilisha ni kazi ya programu upande wa kupokea.

SWALI: Kinanda changu kipya kidogo kina tundu la milimita 3.5 lililoandikwa MIDI. Nimenunua adapta ya kwenda pini tano, hakuna kinachopita. — *Msomaji, Busia*

JIBU: Adapta hizo ziko za aina A na aina B, na kwa macho hazitofautiani. Aina A ndiyo iliyofanywa kiwango mwaka 2018: ncha ya plagi huenda pini 5, pete ya katikati pini 4, na shina pini 2. Aina B imebadilishana ncha na pete. Soma mwongozo wa kinanda ujue kinataka ipi, kisha pima adapta yako kwa mita, ukigusa ncha ya plagi na pini moja baada ya nyingine. Kama imekuja kinyume na inafunguka, badilisha nyaya mbili, ya pini 4 na ya pini 5, uzichomee upya. Ya pini 2 usiiguse.